Kusikiliza Hakurushi Kitu

Ghorofa ya pili
12 Januari

Jirani,

Salamu, na pole tena. Msibani nilikuja na nililia kweli, usije ukasikia maneno ya watu kwamba nilikuja kuonekana. Mumeo tuligombana, lakini kugombana na mtu si kumtakia kaburi.

Naandika kwa sababu kamati ya jengo ilituamuru tuandikiane. Si unakumbuka? Baada ya zile kelele zetu, mwenyekiti alisema nyumba yangu na nyumba yako tukikutana kwenye ngazi tusalimiane basi, malalamiko yote yapite kwenye karatasi. Agizo halijafutwa, na mimi lalamiko ninalo.

TV imekoroma tena. Jana jioni mama mkwe wangu anaangalia tamthilia yake, yule binti amebakiza neno moja amjue baba yake mzazi, mara mistari, mara krrrr, mara picha vipande vipande. Iliporudi, baba ameshatajwa na watu wanakumbatiana. Mama mkwe akasema, "Marehemu anasalimia." Nikamwambia, mama, marehemu hana umeme.

Nielewe, jirani. Mwaka juzi mumeo akiongea kwenye redio yake huko juu, sauti yake ilikuwa inatoka kwenye spika yangu. Nimekaa na mteja tunapatana bei ya keki ya harusi, spika ikasema, "Nakupata vizuri kabisa, endelea!" na mteja kweli akaendelea kushusha bei. Hilo mumeo alikiri. Alikuja na vipete vyake vyeusi akavibana kwenye nyaya za spika, likaisha, tukanywa chai. Lakini huku kukoroma kwa TV, kulikoanza katikati ya mwaka jana, alikataa kwamba kunatoka kwake. Mwezi wa nane kamati ikamwambia aache kurusha sauti yake hewani, akasema ameacha. TV ikaendelea kukoroma. Ndipo nikasema mbele ya mkutano kwamba ni mwongo.

Sasa yeye hayupo na TV bado inakoroma. Najiuliza, nani anarusha? Ni wewe?

Kamati inakaa mwisho wa mwezi wa tatu. Watajadili ile antena juu ya paa, ing'olewe au ibaki. Nimeona nikwambie mapema, usije ukaisikia kwa mtu wa pembeni.

Jirani yako wa chini,
Mwoka keki


Ghorofa ya tatu
13 Januari

Jirani,

Nimekuta karatasi yako chini ya mlango. Asante kwa pole.

Redio imezimwa. Waya wake wa umeme niliuchomoa mwenyewe siku za msiba, watu walipotafuta mahali pa kuchaji simu. Sijaurudisha. Hata kuiwasha sijui.

Mume wangu aliniambia ameacha kurusha. Lakini jioni alikuwa akiingia kwenye chumba kile, anafunga mlango, na mara nyingine namsikia anacheka. Sijui alikuwa anacheka na nani. Nakuandikia hilo kwa sababu umeuliza, na sina nguvu ya kupanga maneno.

Kuhusu antena, watakavyoamua.

Jirani wa juu


Dukani kwangu
20 Januari

Kwa Lifti, popote ulipojificha ndani ya nyumba yako,

Mwenzangu, salamu nyingi. Mimi mzima, mke wangu ana vikohozi vyake vya hapa na pale, na saa za watu zote zinatembea isipokuwa moja ya mwalimu mkuu, ambayo kila nikiifufua inakufa akifika nayo shuleni. Nadhani haipendi kazi.

Nimeshika kalamu kwa kuwa kadi yako ya mwaka mpya haijafika. Tangu siku ya kwanza tulipokutana hewani hujawahi kukosa kunitumia kadi. Hata mwaka ule ulipoteguka mkono uliandika kwa kushoto, nikadhani kuku amekanyaga wino.

Najua tulivyokubaliana. Kamati yenu imekufunga mdomo, masikio haijakufunga. Ulisema, "Majira, wewe sema, mimi nitasikiliza." Basi nasema. Kila jioni, saa yetu ileile, masafa yetu yaleyale, naita jina lako, nakupa habari za mchana, nakutania, najibu kwa niaba yako, nakutakia usiku mwema. Wenzetu wa hewani wananicheka, wanasema Majira ameoa ukuta. Mke wangu hacheki. Anasema afadhali niongee na Lifti asiyejibu kuliko kuongea naye wakati anasikiliza taarifa ya habari.

Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na chako kimeanza kunitia wasiwasi. Nitumie hata kadi tupu. Andika "nakupata," basi. Nijue kwamba ulisikia kisa cha yule kinyozi aliyeniletea saa ya ukutani, akaapa kwamba inakwenda kinyumenyume, kumbe siku zote anaitazama kwenye kioo.

Na hilo la TV ya jirani usilimeze kimyakimya. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akishasimika antena juu ya paa, hata balbu ikiungua mtaa wa pili, yeye ndiye aliyeiunguza.

Wako wa hewani na wa nchi kavu,
Majira, fundi saa


Ghorofa ya pili
2 Februari

Jirani,

Barua hii imewekwa kwenye sanduku langu kwa makosa. Imeandikwa kwa mumeo. Sikuifungua, ingawa mama mkwe ameishika kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Nyuma pameandikwa "Majira, fundi saa."

Huyo bwana hajui? Mpelekee habari, jirani. Si vizuri mtu kumwandikia marehemu. Mama mkwe amenituma nikwambie, mficha maradhi kilio humuumbua. Nimemwambia hayo si maradhi, akasema niandike hivyohivyo.

TV imekoroma Jumapili nzima.

Mwoka keki


Ghorofa ya tatu
3 Februari

Jirani,

Asante kwa barua. Ni kweli, hajui. Ni mwenzake wa redio. Walizungumza kila jioni kwa miaka mingi na hawakuwahi kuonana. Kule hewani mume wangu walimwita Lifti, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti.

Nitamwambia, ila si sasa. Hapa kila mtu anajua. Kwenye duka la dawa wateja wananikabidhi karatasi ya daktari huku wamelaza kichwa upande mmoja. Nabandika "kutwa mara tatu," nawaambia ugua pole, wao wananiambia pole na wewe. Wote wameshamzika. Huyu mtu mmoja hajamzika. Kwake mume wangu yupo nyumbani, amenuna kidogo, anasikiliza. Nataka abaki huko kwa muda. Ndilo jambo pekee ninalolitaka, na naomba usiniharibie.

Mwambie mama mkwe wako sijambo. Sijalia, hata msibani. Si ushujaa. Ni kama ile sindano ya ganzi ya daktari wa meno: unajua jino linang'olewa, unasikia hata mlio wake, lakini huoni kama ni lako.

Jirani wa juu


4 Februari

Shemeji Majira,

Barua yako kwa mume wangu imefika. Najibu mimi kwa sababu yeye hawezi kuandika. Kadi ya mwaka mpya hakuwahi kuitengeneza. Usimkasirikie.

Nina maswali. TV ya jirani wa chini bado inakoroma, na redio yetu haijarusha kitu tangu mwezi wa nane. Je, kusikiliza tu kunaweza kuharibu TV ya mtu? Na kama si sisi, mtu asiyejua mambo ya redio atafanyaje kugundua ni nini? Kamati itakaa mwisho wa mwezi wa tatu kuamua juu ya antena. Mkutano uliopita aliitwa mwongo mbele ya watu. Nataka kujua kama alikuwa anasema kweli.

Niandikie pia huwa unazungumza saa ngapi na kwenye namba ipi. Aliwahi kunitajia, sikuwa nasikiliza vizuri.

Mke wa Lifti


Dukani kwangu
15 Februari

Shemeji yangu,

Shikamoo kama ni mkubwa, marahaba kama ni mdogo. Hatujaonana, nimeona nitoe zote mbili. Nimefurahi kupata mwandiko wako, unasomeka, tofauti na wa mtu fulani. Kumbe mkono umemsumbua tena. Mwambie aukande kwa maji ya uvuguvugu na asinyanyue vyuma. Na kama si mkono bali amenuna, mpaka wewe unaniuliza mimi namba iliyo ndani ya nyumba yako, basi mpe ujumbe huu: mwanaume aliyevuka hamsini akinuna anapoteza muda, hakuna anayembembeleza.

Swali lako la kwanza: kusikiliza hakurushi kitu, shemeji. Sikio halipigi kelele. Mtu anaweza kukaa na redio ya kusikiliza mpaka aote mvi, TV ya jirani haitajua.

La pili. Tafuta redio ndogo ya betri. Iweke mahali pasipo na stesheni yoyote, ivume tu kama sufuria inayokaribia kuchemka. TV ya jirani ikianza kukoroma, na hiyo redio itanguruma. Tembea nayo. Ukisogelea kitu kinacholeta kelele, mngurumo utaongezeka. Ukishapata nyumba, zima umeme wa nyumba hiyo kwenye swichi kubwa. Ngurumo ikikoma, mchawi yumo humo ndani. Lazima iwe ya betri, maana ukizima umeme TV nayo inazima, na hutajua kilichonyamaza ni kelele au ni TV.

Lifti anaijua njia hii kuliko mimi. Aliniambia alimwomba jirani aingie kwake na redio ndogo, jirani akamfungia mlango. Labda wewe utafunguliwa. Jioni nitayasema haya yote hewani pia, ili mwenyewe asikie na acheke nikikosea.

Saa yetu ni taarifa ya habari ya jioni inapokwisha. Namba nimekuandikia kwenye kadi iliyo humu ndani. Ni kadi ya mwaka huu, niliyomwekea yeye. Mpe.

Shemeji yako,
Majira


Ghorofa ya tatu
27 Februari

Jirani,

Nakuarifu mapema kwamba redio nimeichomeka. Ni kusikiliza tu. Wenye ujuzi wanasema kusikiliza hakurushi kitu.

Jana nimemsikia fundi saa. Ana sauti nyembamba, mimi nilimfikiria mtu mnene. Alisema, "Lifti, Lifti, habari ya jioni," halafu akaachia nafasi, halafu akajibu mwenyewe, "Nzuri, Majira, ila umechelewa." Alisimulia habari ya mteja aliyemeza kioo cha saa kwa bahati mbaya na anataka arudishiwe hela kwa kuwa kimevunjika. Nikajua mume wangu alikuwa anacheka nini kule ndani. Alikuwa amevaa hedifoni, anasikiliza vichekesho ambavyo hawezi kuvijibu. Hakuwa anarusha. Mimi pale mlangoni nilidhani vingine, sawa na wewe.

Katikati ya maneno ikaja ile krrrr yako. Ikafunika kila kitu, ikaondoka, ikarudi. Nikavua hedifoni nikashuka ngazi kidogo, nikasikia TV yenu inakoroma na mama mkwe analaani. Kwa hiyo kitu hicho kinatusumbua sote. Na yeye kilikuwa kinamsumbua miezi yote ile, sidhani kama aliwahi kulalamika.

Naomba niingie kwako Jumamosi mchana na redio ndogo ya betri. Najua aliwahi kuomba ukakataa.

Jirani wa juu


Ghorofa ya pili
28 Februari

Jirani,

Njoo. Mumeo nilimfungia kwa sababu nilidhani anakuja kunipima ujinga. Mjane siwezi kumfungia mlango, hata shetani ataniona sina haya.

Njoo baada ya saa nane, keki ya mteja itakuwa imeshatoka kwenye oveni. Mama mkwe ameshachagua nguo ya kuvaa. Anasema hajawahi kuona mtu anawinda kelele.

Mwoka keki


Ghorofa ya pili
30 Machi

Jirani,

Kwenye kikao hukuja. Nilikuwekea kiti.

Tangu Jumamosi ile redio yako iliponguruma mbele ya friji langu la keki kama mbwa aliyeona paka, sijalala vizuri. Pale ulipozima swichi kubwa ikanyamaza, ukawasha ikanguruma, ukachomoa friji ikanyamaza, mimi nilisema labda ni bahati mbaya. Uliniangalia tu. Afadhali ungenitukana.

Fundi friji alikuja, akafungua nyuma. Kile kidude kinachopima baridi, kinachowasha na kuzima mashine, kimeungua. Kila kikigusana kinatoa cheche, na cheche hizo ndizo zinazopita kwenye nyaya na kukoroma kwenye TV. Nikamwuliza tangu lini. Akasema friji la zamani hili mama, ulilinunua lini? Nililinunua mwaka jana katikati, mkononi mwa mtu. Wewe piga hesabu. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaenda kulala.

Sasa mkutano. Nilisimama kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma ajenda. Nilisema, mwaka jana hapahapa nilimwita mtu mwongo. Mtu huyo alikuwa anasema kweli. Mwongo lilikuwa friji langu, na mimi nikawa msemaji wake. Nikasema pia kwamba aliomba kuingia kwangu atafute, nikamfungia mlango, kwa hiyo hata nafasi ya kujitetea sikumpa. Mwenyekiti alitaka kuniombea maji. Nikamwambia sina kiu, naomba iandikwe.

Antena inabaki. Hakuna aliyepinga.

Jirani, mimi kuomba radhi kwa aliyekufa sijui kunafanywaje. Nimekuomba wewe. Usipoipokea pia nitaelewa.

Na yule bwana wa saa, mwambie. Jambo hili naliandika kwa kichwa changu, mama mkwe hakunituma. Kila jioni nakusikia unakimbia ngazi kutoka kazini. Mtu hakimbilii jambo jema namna hiyo halafu anashuka asubuhi na uso kama ule.

Mwoka keki


2 Aprili

Shemeji Majira,

Haikuwa redio. Lilikuwa friji la jirani. Tulifanya kama ulivyoelekeza na jirani amesema mbele ya kamati nzima kwamba mume wangu hakuwa mwongo. Antena inabaki. Nilidhani nikilisikia hilo nitafurahi. Nililisoma mara mbili, nikaenda kuosha vyombo.

Sasa lile ambalo sikukuambia. Niliandika kwamba hawezi kuandika. Ilikuwa kweli ya kukufichia. Mume wangu alifariki mwezi wa kumi na mbili, mwaka ukielekea kuisha. Alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini, kuna lifti ilikuwa imekwama na watu ndani. Akashika kifua, akasema, "Ngoja kidogo." Nilidhani anamwambia aliyempigia simu. Hospitali walijitahidi.

Barua yako ya kwanza ulimwandikia mtu aliyekwisha kuzikwa. Kadi yako ninayo mimi. Na tangu mwezi wa pili, kila jioni unapomwita, aliyevaa hedifoni ni mimi.

Nilikuacha usijue kwa sababu kwako peke yako alikuwa hai. Huku kwetu nguo zake zimegawiwa, kazini wameajiri mwingine. Lakini taarifa ya habari ikiisha unasema, "Lifti, leo mvua imenyesha," na mtu anayeambiwa hivyo lazima yupo mahali. Nilikuwa nafunga duka haraka nisikose. Nimekaa kwenye kiti chake nikasikia unamtania, na nikajua nikikuandikia, basi, hapatakuwa na mahali pengine.

Nilikutumia, shemeji. Uliongea na mtu asiyekuwepo kwa faida yangu. Nisamehe kama unaweza.

Sijalia bado. Watu wananiambia kitakuja tu. Mimi nauza dawa, najua si kila kitu kinafanya kazi kwa kila mtu.

Mjane wa Lifti


Nyumbani
14 Aprili

Shemeji,

Nimekasirika. Naanza na hilo, maana nikianza na pole nitakuwa nakuficha, na tumefichana vya kutosha.

Nimemtania marehemu. Nimemwambia amenuna. Nimemwimbia siku yake ya kuzaliwa, na wenzetu wote wanasikia. Mwezi uliopita, usiku ule niliokuwa naongea polepole, nilimwambia matokeo ya vipimo vya mke wangu, na dawa aliyoandikiwa. Watoto wetu hawajaambiwa. Nilimwambia Lifti kwa sababu Lifti hajibu, na nilihitaji mtu wa kumwambia ambaye hatajibu. Kumbe ulikuwa wewe. Naona haya mpaka nashindwa kushika kibano.

Sikufungua duka kwa muda. Mke wangu akachukua barua yako, akaisoma. Halafu akasema, "Mimi pia ningefanya hivyo." Nikamwambia nyamaza. Akasema, "Ningefanya hivyo, na ningekasirika mtu akinikataza." Basi hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa.

Pole, shemeji. Pole sana. Nimempenda mtu ambaye sikuwahi kumwona uso. Sijui hata alikuwa mrefu au mfupi.

Sisi watu wa hewani tuna namna yetu ya kuzika. Mwenzetu akiondoka, tunakusanyika jioni moja kwenye masafa yake. Mmoja wetu anamwita kwa jina lake, mara tatu, na kila akiita tunaacha nafasi ya kujibu, kama tulivyomwachia akiwa hai. Hakuna anayegusa kitufe cha kurusha sauti. Asipojibu mara ya tatu tunajua sote kwa pamoja, na jina lake halibebwi tena na mtu mwingine. Nimewaarifu wenzetu. Itakuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa yetu. Mwitaji ni mimi.

Kurusha huruhusiwi, huna leseni, na sheria ni sheria. Kusikiliza hakumdhuru mtu.

Shemeji yako, bado,
Majira


Jumamosi, asubuhi

Shemeji Majira,

Alikuwa mfupi. Alikuwa anapanda juu ya sanduku la vifaa ili afikie mlango wa mashine, na wenzake kazini walikuwa wakilificha. Vidole vyake vilikuwa vinene kuliko vya mtu wa kazi ya nyaya. Akilala alikunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri zamu yake.

Siri ya mke wako iko kwangu, haitoki. Ila ile dawa uliyomtajia mume wangu isimezwe tumbo likiwa tupu. Ale kwanza, hata kidogo. Na kikohozi kikizidi arudi kwa daktari, asisubiri tarehe.

Jana jirani alizima kila kitu kwake, hata friji jipya. Mama mkwe wake alikubali kukosa tamthilia, ingawa jirani anasema alikubali kwa masharti. Hewa ilikuwa safi, sikusikia mkoromo hata mmoja. Niliwasikia wenzako mmoja mmoja. Kuna mzee aliyesema Lifti ndiye aliyemfundisha kuunga waya kwa kumwelekeza usiku kucha kwa mdomo tu. Kuna mwingine alitaka kusema akashindwa, mkampokea mkaendelea. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, nimevaa sare za dukani.

Ulipoita mara ya kwanza nilisubiri kama nyinyi. Mara ya pili nilisubiri pia. Ile nafasi mnayoacha ni ndefu, shemeji. Sikujua ni ndefu namna ile. Ulipoita mara ya tatu sauti yako ilikwama kidogo kwenye jina, na mimi nikajibu.

Nilisema, "Hayupo, shemeji. Amekufa." Nilisema kwa sauti, mdomo wangu ukiwa karibu na kipaza sauti chake. Sijawahi kuyasema maneno hayo. Hospitali walisema wao. Msibani walisema ndugu. Wewe nilikuandikia. Jana nikasema, nikarudia, nikarudia tena mpaka koo likauma na machozi yakaingia kwenye hedifoni.

Kitufe sikukibonyeza. Sikukumbuka hata kama kipo. Kwa hiyo huko kwenu hamkusikia kitu, na mmemfungia jina lake mkijua hakuna aliyejibu. Nakuandikia ujue kwamba mlijibiwa.

Mjane wa Lifti